Kidhibiti Namba Kumi na Saba

Saa mbili asubuhi, saa yake ya kuanza kazi siku zote, miguu ya fundi ilianza kukanyaga sakafu ya mahabusu, na kwenye stoo ya vidhibiti, vyumba viwili mbele, cherehani ya marehemu mama yake ikaanza kushona. Sajenti alifungua mlango, akatazama sindano ikipanda na kushuka bila mtu, akaandika kitabuni: kidhibiti namba kumi na saba, kizima, kinafanya kazi. Kisha akavua shati, maana lilikuwa limefumuka kwapani.

Fundi alikuwa ndani kwa wizi wa cherehani hiyohiyo. Mama alimwachia kwa mdomo, mbele ya majirani, baada ya kuuguzwa naye miaka sita. Kaka yake, ambaye katika miaka hiyo alikuja mara mbili, na mara zote mbili akala akaondoka, alikimbilia polisi kabla udongo wa kaburi haujakauka. Loo! Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Majirani walipoitwa kutoa ushahidi, wote walikuwa shambani, hata wasio na shamba.

Kufikia Ijumaa hakukuwa na askari mwenye pindo lililolegea. Mkuu wa kituo akaleta mapazia ya nyumbani kwake. Fundi akipumzika, sajenti aligonga nondo kwa adabu.

“Dada, shono limeishia katikati.”

“Mtanitoa lini?”

“Upelelezi haujakamilika.”

Ungekamilikaje, jamani, na mapazia ya sebuleni bado?

Wiki ya tatu kaka alikuja, macho mekundu.

“Afande, nilitaka kumtisha tu. Naifuta kesi. Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja.”

“Haifutiki,” sajenti alisema. “Ulipotia sahihi iliacha kuwa ya kwenu. Sasa ni ya serikali. Wewe ni shahidi tu.”

Wakampeleka kwenye nondo amwone.

“Wamekataa,” alimwambia.

Fundi alilia, miguu ikiendelea kukanyaga. Kaka naye alilia kidogo. Halafu akafungua mfuko wake, akatoa suruali.

“Kwa vile nimeshafika,” alisema, “zipu yake imekufa.”

Fundi aliitazama ile suruali. Hata siku aliyotiwa pingu hakuwa amemchukia kaka yake kiasi hicho.

“Mpe sajenti,” alisema. “Foleni inaanzia kwake.”

Sajenti akaipokea, akaiweka chini ya mapazia.