Bandari ya Donatien

Hawa wa Bujumbura ndiye aliyenisimulia habari hii, Ramadhani ya mwaka 2011, tukikunja sambusa jikoni kwake Anderlecht, huku Ulaya. Ghorofa ya juu yake aliishi Donatien, aliyesoma seminari kule Likasi, na mkewe Anne-Marie.

Donatien alijua mashairi ya Kilatini ya watawa wa zamani sana. Humo mapenzi ni safari ya baharini: mwanamume ni merikebu, mwanamke ni bandari. Kila alipomsomea mkewe, maji ya chumvi yalipanda sebuleni mpaka vifundoni. Anne-Marie aliyakausha. Yaliyovuja chini, Hawa aliyakinga kwa beseni akapikia sombe, mboga ya majani ya muhogo. Hakununua tena chumvi tangu wale wawili wahamie juu. Msimamizi wa jengo alibandika karatasi: samaki wasiachwe kwenye ngazi.

Basi Anne-Marie akapangiwa kupasuliwa ngiri. Hospitali ilimwambia atatoka siku ileile, ila lazima mtu aje kumchukua.

"Donatien, utakuja?"

"Maman, weye ni bandari yangu. Meli inakosaka bandari yake?"

"Nauliza saa munane, utakuja?"

"Bon, nitakuja."

Saa nane ikapita, na tisa, na kumi na moja. Anne-Marie alikaa kwenye korido, begi mapajani, akimwambia nesi mume yuko njiani. Mwishowe alimpigia simu Hawa.

Hawa akapanda juu. Alimkuta Donatien amepanda kwenye kiti, miguu ameikunja, anaandika. Pweza mdogo alikuwa chini ya televisheni.

"Papa Donatien, bibi yako anakungoja."

"Dada, bahari imechafuka. Nitatoka namna gani?"

Maji hayakufika hata magotini. Hawa alishika kandambili zake mkononi, akatoka, akaenda mwenyewe. Ndiyo tufani hiyo iliyomshinda mwanamume wa miaka hamsini!

Waliporudi, Anne-Marie akijishika tumbo, Donatien alikuwa tayari na karatasi. Shairi lilikuwa la merikebu inayolia kwa kutupwa na bandari yake. Alisoma beti zote kumi na mbili. Maji yakapanda.

"Anne-Marie, njoo ulale kwangu," Hawa akasema.

"Alafu nani atakausha?"

Donatien ndiye aliyelala kwanza, kuachwa kunachosha. Anne-Marie alisukuma maji kwa mkono mmoja, mwingine umebana nyuzi za tumbo. Sakafu ilipokauka, alijinyoosha kwenye ukingo wa kitanda aliobakiziwa, akalala.