Pampu Iliyomfukuzisha Hamdani Kazi

Melania alikuwa fundi umeme wa magari huko Katubuka, na injini ya boti alikuwa hajawahi kuigusa. Lakini Mzee Bonaventura, mwenye boti ya abiria, alikuwa ameshahangaika na mafundi wawili, hivyo asubuhi moja akamfuata gereji. Saa nne walikuwa ufukweni Kibirizi, Melania amekunja suruali hadi magotini, begi la vifaa begani, akikanyaga maji kuiendea boti.

"Shida yake nini, mzee?"

"Inawaka vizuri. Ikienda nusu saa inakohoa, inazima. Wiki mbili zilizopita ilizimika kati ya Mtanga na Mwamgongo ikiwa na abiria ishirini na watatu. Tulivutwa na watu wa dagaa. Nikamfukuza nahodha."

"Alifanya nini?"

"Hamdani? Alikuwa anauza petroli, anajazia maji."

"Ulimwona?"

Mzee alitazama pembeni. "Watu wote walisema."

Melania akafungua begi la vifaa. Alimfahamu Hamdani kwa jina tu, ila alikuwa amesikia kwamba tangu siku hiyo hakuna boti iliyotaka kumchukua.

"Mafuta haya ni ya siku ile?"

"Ni yale yale."

Alichota kidogo akatia kwenye chupa inayoonyesha ndani, akaiacha itulie juani. Baada ya robo saa petroli ilikuwa na rangi moja toka juu mpaka chini. Kama kungekuwa na maji, yangejitenga yakakaa chini. Alimwonyesha mzee ile chupa, kisha akawasha swichi. Pampu ya mafuta ikavuma. Ilikuwa mpya, fundi wa pili aliibadilisha, na tatizo likabaki palepale.

Aliiacha ivume, akakaa kusikiliza. Dakika kumi zikapita, na mvumo ukaanza kulegea, kama mtu anayesinzia huku anaongea. Akapima betri kwa mita: volti kumi na mbili. Akapima kwenye pampu: saba.

"Umeme unatoka mzima kwenye betri, unafika umechoka," alisema. "Unapotelea njiani."

Waya wa chanya haukuwa na kosa. Akahamia waya wa hasi, ule unaorudisha umeme kwenye betri. Alipima toka mwanzo hadi mwisho wake, na zile volti tano zilizopotea akazikuta humo. Akaufuata kwa vidole chini ya viti, kwenye majimaji, mpaka akagusa uvimbe wa utepe mweusi wa kuungia waya. Akaukata. Ndani, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka kijani, nyingi zimekatika. Zilizobaki zilikuwa za moto.

"Zikipata joto zinazuia umeme, pampu inakosa nguvu, injini inakosa mafuta," alisema. "Nani aliunga hapa?"

Bonaventura aliinama akatazama, kisha akakaa kwenye ukingo wa boti.

"Mimi. Mwaka jana, nilipofunga taa."

Melania akaweka waya mpya, akaubana vizuri na kuupitisha juu, mbali na maji. Safari hii pampu ilivuma nusu saa bila kulegea.

"Mwanangu," mzee alisema kwa sauti ya chini, "mpigie simu Hamdani wewe. Wewe unajua kueleza."

"Mzee wangu, kuunga waya ni kazi yangu. Hiyo ni yako."

Mzee akapiga mwenyewe. Hamdani alifika kutoka Ujiji baada ya sala ya adhuhuri, mwembamba, shati limepigwa pasi. Alimwamkia mzee shikamoo kama kawaida. Bonaventura akamvuta kando, akaanza kunong'ona.

"Mzee," Hamdani alimkatiza taratibu, "siku ile hukunong'ona."

Bonaventura akapanda pale wapagazi walipokuwa wanapakia magunia na akina mama wakichambua dagaa, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Hamdani hakuiba wala hakutia maji, kwamba kosa lilikuwa lake mwenyewe, na kwamba anamwomba radhi. Mama mmoja aliyekuwa ndani ya boti siku ile aliinua uso. "Na sisi tulimsema," alisema.

Hamdani aliitikia kwa kichwa. Macho yalikuwa yamemlowa, akayageuzia ziwani. Halafu akamwomba Melania amwonyeshe ule waya, akaushika, akauliza njia ya kuukagua kila wiki. Alipoelewa alikwenda nyuma kwenye injini.

"Tuijaribu mpaka Mtanga," alimwambia mzee. "Panda na wewe."