Jina la Lodi Kwenye Sabuni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepata kazi Uingereza, na kazi yenyewe ilikuwa kubandua jina la mtu.

Mimi ni mchoraji wa mabango, Morogoro mjini, kwa hiyo sikushangaa. Nilichukua brashi na kisu cha kukwangulia, nikavuka barabara mbele ya karakana yangu, na ng'ambo ya pili ilikuwa Uingereza, mvua inanyesha.

Palikuwa na jumba la vyumba sitini, na paa lilivuja katika vyote. Mwenyewe, Lodi Peregrine Wolstencroft, kabaila wa cheo cha kurithi, alikuwa mezani na mkewe, Ledi Augusta. Walikula viazi vya kuchemsha kwenye sahani za fedha, kila mmoja ameshika mwavuli kwa mkono wa kushoto. Walinikaribisha bila kuonyesha kwamba chakula hakitoshi, nikajua hawa ni watu waliolelewa.

Aliyeniita kazini alikuwa Mmarekani, Bwana Dubrow, mtu mnene mwenye suti ya miraba, aliyeongea kana kwamba sisi wengine tuko ng'ambo ya mto. Alinieleza kuwa ukoo huu umeshauza farasi, mashamba na hata ngazi za ghorofani. Sasa wanapanda kwa kamba. Kilichobaki ni jina. Yeye atalitia kwenye sabuni, aiuze Marekani nzima, na paa litaezekwa upya.

"Jina kubwa halifanyi kazi likikaa getini tu," alisema. "Libandue, fundi."

Lodi akatia sahihi. Alisema anafanya hivyo kwa ajili ya mkewe, ambaye kifua chake hakiwezi unyevu.

Naenda getini. Naingiza kisu chini ya herufi ya kwanza, na jina lote linanyanyuka kama chapati iliyoiva. Geti linaniomba nilikunje taratibu, kwa kuwa limezoeana nalo miaka mia nne. Nalikunja. Tunalipima kwenye mzani: kilo arobaini na mbili, bila cheo.

Kiwanda kilikuwa ndani ya kabati la nguo. Sabuni zilipopigwa chapa ya jina lile zilipata adabu papo hapo, zikakataa kumwogesha mtu yeyote ambaye hazijatambulishwa kwake. Bwana Dubrow alifurahi mno. Alipandisha bei, akaajiri watu wa kusimama milangoni mwa mabafu kutambulisha wateja.

Paa liliezekwa siku hiyo hiyo. Ledi Augusta alikunja mwavuli wake, akafungua mdomo amwite mumewe kula, na hakikutoka kitu.

Alijaribu tena. Lodi alisimama hatua tatu kutoka kwake, akitazama dirishani kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye foleni ya hospitali. Alipotaka kukaa, kiti kilimwambia kwa upole kwamba pale ni mahali pa Lodi. Akakiomba radhi, akabaki wima.

Ledi akanijia. "Fundi, nimemwita miaka thelathini na nane," alisema. "Hata tulipogombana nililitaja. Chukueni paa lenu, mnirudishie jina."

Niliona aibu, maana mkono uliolibandua ulikuwa wangu. Nikakimbilia kabatini, lakini mlango ulifungukia Ohio, huko Marekani, kwenye bafu la watu wote. Wanaume wapatao mia wanajipaka povu. Nawasihi waache. Jina linateremka miguuni mwao na kuingia kwenye bomba la maji machafu, herufi moja moja, na kila herufi inainamisha kichwa kidogo kabla ya kutumbukia.

Bwana Dubrow alikuwa miongoni mwao, uchi, kofia kichwani. Nilipomweleza hakucheka. Alisema kwao mtu hubadili jina kama shati, na yeye mwenyewe yuko kwenye la tano. Hakujua kwamba kuna watu wana moja tu. Kisha akatazama mfuko wa ovaroli yangu, ambako jina langu limedariziwa kwa uzi mwekundu.

"Hilo lina kilo ngapi?" akauliza.

Nilimwambia sijawahi kulipima. Tukalipima: nusu kilo. Alisema kwa nyumba ya vyumba sitini halitoshi, lakini kwa mtu mmoja anayeitwa kula linatosha.

Nilifumua uzi mwenyewe, na mwenyewe nikalishona kwenye koti la Lodi, tayari tukiwa mezani pao. Ledi Augusta akalisoma, akasafisha koo, akasema polepole, "Nassibu."

Mzee akageuka. Kiti kikajisogeza chenyewe. Akakaa, akavitazama viazi vyake, akauliza kwa nini leo hakuna mlenda. Mkewe akamshika mkono na hakumwachia.

Niliwaaga. Walinipungia mikono tu, nadhani hawakujua tena waniite nani.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshapanda. Mke wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akinitazama, chai imepoa mkononi mwake.

"Baba Tunu," alisema, "usiku kucha umemtaja mtu usingizini. Nassibu ni nani?"

Tumeoana miaka kumi na tisa. Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa anatania.

Nikamwambia ni mzee mmoja wa Uingereza.