Sinema ya Luscombe

Hedley Luscombe alijaribu kila hila ili Bi Olive Tozer asiende kuiona ile sinema. Alisema tikiti zimekwisha. Alisema ni makelele tu, mizinga na moshi, atatoka na kichwa kinamuuma bure. Bi Olive akamcheka.

"Wewe ndiye uliyewafundisha waigizaji mambo ya meli, halafu mimi nisione? Plymouth nzima imeshaiona, Hedley. Au unaona haya kufuatana na kikongwe?"

Haya alikuwa nayo, lakini si hiyo. Vita vilipokwisha alimwendea mama huyu akamwambia kwamba mwanawe, Denzil, alikufa palepale topido, kombora la majini, ilipoipiga meli waliyokuwamo wote wawili, hakujua lolote. Mabaharia wote huwaambia mama wote hivyo. Ukiwasikiliza utadhani hakuna Mwingereza hata mmoja aliyeteseka baharini. Miaka minane uongo ule ulikaa salama. Kisha wenye sinema wakamnywesha bia wiki nzima, wakamwomba kisa cha kweli, na yeye, mpumbavu mkubwa, akaropoka yote. Mdomo huponza kichwa.

Wakaenda Jumamosi mchana. Bi Olive alivaa kofia yake ya kanisani. Topido ikapiga, maji yakaingia chumba cha injini, na msimamizi wa zamu akaufunga mlango wa chuma, komeo moja baada ya jingine, kijana mmoja akiwa bado ndani, anaugonga kwa spana na kumlilia mama yake. Nusu ya ukumbi walitoa leso. Luscombe aliangalia viatu vyake mpaka taa zikawashwa.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Bi Olive hakufungua mwavuli.

"Masikini mama mwenzangu," alisema. "Mimi wangu Mungu alimhurumia, alikwenda upesi. Lakini huyo aliyefunga mlango, Hedley, unamjua?"

Angeweza kusema hapana. Uongo alishauzoea. Ila mama wa watu alikuwa amesimama pale akimlilia mama mwingine ambaye hayupo, na hilo Luscombe hakuliweza.

"Ni mimi, Bi Olive. Na kijana ni Denzil. Ningeufungua tungezama wote, watu mia mbili."

Alingoja kofi. Angelipokea kwa shukrani. Bi Olive alishika ukuta wa sinema, watu wakawapita wakizungumzia chai.

"Muda gani?"

"Dakika ishirini. Labda zaidi."

"Dakika ishirini ananiita," alisema Bi Olive, polepole.

Hakuwa anauliza. Katika balaa lote lile alikuwa amepata kitu kimoja cha kushika, na uso wake ukaanza kulegea. Akaunyoosha mkono, akamshika Luscombe begani. Luscombe aliona wazi kwamba akinyamaza tu, atasamehewa hapohapo, mvuani, na maisha yataendelea. Roho yake iliutamani msamaha ule kupita kiasi. Lakini ulikuwa wa wizi.

"Hayo ya mama waliyatia wenye sinema," alisema. "Aliniita mimi. Alikuwa anasema, 'Bwana Luscombe, ni mimi, Denzil, nimo humu.' Alidhani nimefunga bila kujua."