Kufuli Moja kwa Wote

Maduhu alikwenda kwa jirani yake Marcelino, hapo mtaa wa Ngokolo, kumpongeza Innocent, mtoto wa Marcelino, kwa mafanikio yake kazini, ila alikuwa na kijicho tangu asubuhi. Mwenzake ana mwana msomi, na mke yu hai, anapakua wali.

"Kula, Baba Ritha, leo usinune," Marcelino alimtania.

Innocent akaeleza kazi yake. "Ndani ya kompyuta, kumbukumbu yote ilikuwa na kufuli moja. Programu moja ikilishika, nyingine zote zinangoja. Nimeigawa, kila sehemu ina kufuli lake."

"Zilikuwa zinangoja muda gani?" Maduhu akauliza.

"Mfupi kuliko kupepesa jicho, baba."

Maduhu akaweka sahani chini. Kule kwao Kishapu, stoo ya dawa ya zahanati ilikuwa na ufunguo mmoja, na siku moja mganga mfawidhi, mkuu wa hapo, alikwenda nao mnadani. Paskazia, mke wa Maduhu, alingoja dawa akivuja damu mpaka jua likazama, akafa. Leo akajikuta anazionea wivu programu.

"Na wakubwa walioweka kufuli moja, waliulizwa?"

"Hapana, baba. Nimerekebisha tu."

Maduhu akaaga. Hongera aliyokuja nayo alirudi nayo.