Picha ya Genge Chini ya Mto

Katika mashamba yote ya Lincolnshire hajatokea mwanamke wa kukata kabichi haraka kuliko mimi. Waliokuwa wakinishinda wameshakufa.

Nilikuwa genge la Mabel, msimamizi wetu. Enzi hizo Mwingereza akisema genge, ulijua ni wanawake waliojifunga vitambaa kichwani, wamepakiwa nyuma ya lori alfajiri kwenda kuvuna. Hata mchungaji alituombea: "Bwana, libariki genge." Siku hizi neno lilelile likitajwa redioni, watu wanafunga milango.

Ndiyo maana mjukuu wangu Kerry aliivamia picha yangu ya ukutani. Tumo wote, tunacheka, visu mkononi, na chini pameandikwa GENGE.

"Bibi, mama yake Julian anakuja kunywa chai! Ameshasema mwanawe hataoa ovyo. Akiiona hii, harusi hakuna."

"Visu vya kabichi hivyo, wewe."

"Visu ni visu, Bibi! Halafu leo tafadhali, kula mkate kama watu."

Hapo alinipata. Shambani hapakuwa na maji ya kunawa, na mikono ilijaa udongo na dawa ya wadudu. Ulishika mkate kwa pembe moja, ukala kwingine kote, ile pembe ukawarushia ndege. Mpaka leo imenikaa.

Gari likasimama nje. Kerry akaisukumia picha chini ya mto wa kochi, na Bi Lorna, mama mkwe mtarajiwa, akaja akakaa papo hapo. Kitu kikalia kwaa.

"Kochi la zamani," nikasema.

"Kwetu watu wa mjini," akatuarifu, akila mkate wa tango. "Baba alikuwa wakili. Shamba nimeliona kwenye dirisha la treni tu."

Mimi nikala mkate wangu na pembe zake zote, kwa ajili ya harusi. Bi Lorna akajisogeza, akapapasa chini yake, akaitoa picha.

"Genge," akasoma taratibu. Kerry akafumba macho.

Nami nikatazama sahani ya mgeni. Pembe tatu za mkate, kila moja na alama ya vidole. Moyo wangu ukatua.

"Wewe ulikuwa genge la nani, mwenzangu?"

"Sikuelewi, mama."

Nikamwonyesha sahani. Kerry akafumbua macho, akaziona, pumzi ikamtoka fyuu kama tairi.

Bi Lorna akawa mwekundu hadi masikioni.

"La Gertie," akanong'ona. "Lakini Julian anajua babu yake alikuwa wakili."