Gesi Bado

Cleophas alipomjengea mama yake tangi la gesi ya samadi kule Gesima, alidhani amempa raha. Nyamoita mwenyewe alishukuru. Mgongo ulikuwa umechoka na mizigo ya kuni.

Kila asubuhi alizoa mavi ya ng'ombe wake wawili, akayakoroga na maji mpaka yakawa kama uji, akatoa majani na vijiti, akayamimina tangini. Mle chini, pasipo hewa, yalichacha yakatoa gesi iliyopita kwenye bomba hadi jikoni. Masalia yalitokea upande wa pili, akayatia kwenye migomba.

Lakini wanawake wenzake waliendelea kwenda kuni. Aliwasikia wakipita wakicheka. Siku moja akachukua kamba akawafuata.

"Mama Cleophas, na wewe una gesi!" mmoja akasema. "Tuachie sisi hizi kidogo."

Walisema kwa utani, ila alirudi nyumbani mikono mitupu. Tangu mumewe afariki, kulikuwa na siku ambazo hakusema neno ila na ng'ombe.

Mwezi wa saba baridi ikashika. Tangi nalo likapoa, samadi ikawa haichachi vizuri, na moto ukafifia maji ya ugali yakiwa bado vuguvugu. Nyamoita akabeba sufuria na unga mpaka kwa jirani yake, Sheila.

"Gesi imeniishia, mwanangu."

"Karibu, Mama. Pikia hapa hapa."

Akasonga ugali kwenye mafiga, moshi ukimtoa machozi, huku Sheila akimsimulia habari za kanisani na za mnunuzi wa chai. Walikula pamoja. Kesho yake akaenda tena, na kesho kutwa.

Jua liliporudi, gesi nayo ikarudi. Nyamoita aliwasha, akautazama moto wa buluu, akauzima. Jioni akabeba sufuria yake.

"Gesi bado?" Sheila akauliza.

"Bado."

Cleophas alipopiga simu kuuliza kama gesi inawaka, mama yake alimjibu, "Vizuri sana, mwanangu."

Jumapili moja asubuhi alikuwa akichemsha chai mlango ulipofunguka. Sheila alisimama pale na mzigo wa kuni mgongoni.

"Nimeona nikuletee, usihangaike..." Akaona moto. Akautua mzigo taratibu. "Imerudi lini?"

"Siku nyingi."

Sheila alikaa kwenye kigoda, akapewa chai, akainywa yote. Alipoondoka aliaga vizuri tu, lakini hakusema tuonane jioni. Kuni aliziacha.

Siku ile Nyamoita alipika peke yake, na siku iliyofuata. Chakula kiliiva haraka, kikapoa mezani.

Siku ya tatu jioni alichukua sufuria na unga, akasimama kizingitini akitafuta la kusema. Hakulipata. Akaenda hivyo hivyo.